Yasuhiro Yamashita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bingwa wa judo aliyekaa karibu miaka minane bila kushindwa

Kila Michezo ya Olimpiki inapokaribia, jina la Yamashita hurudi mitandaoni, na habari nusu nusu hurudi nalo: mara hakuwahi kushindwa maishani, mara Mmisri alimwachia dhahabu kwa huruma. Hapa nimeyakusanya maswali yanayorudiwa zaidi. Mengine yanajibika kwa mistari miwili, mengine ukiyafupisha unayaharibu.

Yamashita ni nani hasa?

Ni Mjapani aliyezaliwa tarehe 1 Juni 1957 katika mkoa wa Kumamoto, kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Alicheza judo katika uzito wa juu, urefu wake sentimita 180 na uzito wake karibu kilo 128. Alitwaa ubingwa wa Japani wa wazi mara tisa mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1985. Alikuwa bingwa wa dunia mara nne: Paris mwaka 1979, Maastricht mwaka 1981 ambako alichukua medali mbili za dhahabu, na Moscow mwaka 1983. Mwaka 1984 akapata dhahabu ya Olimpiki huko Los Angeles. Baada ya kustaafu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, kocha wa timu ya taifa, rais wa Shirikisho la Judo la Japani na rais wa Kamati ya Olimpiki ya Japani.

Hayo ndiyo maelezo ya kwenye kadi. Heshima aliyonayo kwa watu wa judo inatokana na mambo mengine, na sehemu kubwa yake imeshikamana na wapinzani wake. Ndiyo maana utakutana na majina ya Endo, Saito na Rashwan mara nyingi humu.

Aliingiaje kwenye judo?

Alikuwa mtoto mkubwa wa mwili na mtundu wa kupindukia, kiasi kwamba wenzake shuleni walimwogopa. Wazee wake walitafuta mahali pa kuipeleka nguvu hiyo, na judo ikawa jibu. Alianza akiwa shule ya msingi. Kwenye mkeka aliruhusiwa kutumia nguvu zote, lakini kwa masharti: unainama kumsalimu mpinzani kabla ya pambano, unainama tena baada ya pambano, na ukimwangusha unamshika mkono wa vazi ili asiumie. Yamashita mwenyewe amesimulia mara kwa mara kwamba judo ndiyo iliyomnyoosha tabia.

Alipokuwa kijana wa shule aliandika insha kuhusu ndoto yake: kusimama kwenye jukwaa la Olimpiki bendera ya Japani ikipandishwa na wimbo wa taifa ukipigwa. Kipaji chake kilionekana mapema. Akiwa sekondari alihamishwa kutoka Kumamoto hadi shule ya Tokai Sagami, karibu na Tokyo, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Tokai mwaka 1976. Huko alikuwa chini ya Nobuyuki Sato, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Sato ndiye aliyemfanya awe hatari chini kama alivyokuwa hatari akiwa amesimama, na umuhimu wa jambo hilo utauona tukifika Los Angeles.

Ubingwa wa Japani una uzito gani? Si mashindano ya ndani tu?

Kwa Wajapani wengi wa enzi yake, huo ndio uliokuwa mlima mrefu kuliko yote. Hufanyika tarehe 29 Aprili katika ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo, na hauna madaraja ya uzito. Mtu wa kilo 75 anaweza kupangiwa mtu wa kilo 140, na wote wanatoka nchi iliyoizaa judo. Yamashita aliuchukua kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 19, na hakuna aliyewahi kuuchukua akiwa mdogo hivyo kabla yake. Baada ya hapo hakuuachia mpaka alipostaafu.

Ni kweli alishinda mapambano 203 mfululizo?

Ni kweli, ila ieleweke vizuri. Kuanzia vuli ya 1977 hadi Aprili 1985 alishinda mapambano 203 bila kupoteza hata moja, na katikati yake zimo sare saba. Kwa hiyo kauli sahihi zaidi ni kwamba alikaa bila kushindwa, akiwa na ushindi 203.

Kusema kwamba hakuwahi kushindwa maishani si kweli. Alishindwa akiwa kijana, na kumbukumbu za maisha yake yote ya mashindano zinaonyesha ushindi 528, kushindwa 16 na sare 15. Jambo linalowashangaza wengi ni hili: hakuna mchezaji asiye Mjapani aliyewahi kumshinda. Warusi walikuja, Wafaransa wakaja, Waholanzi wakaja. Wote walirudi kwao bila kumweza.

Vipi kuhusu Teddy Riner wa Ufaransa? Nani mkubwa?

Riner alifikisha ushindi 154 mfululizo kabla ya Mjapani Kokoro Kageura kumkatiza mjini Paris Februari 2020. Ana medali nyingi za dunia na Olimpiki kuliko Yamashita, na amecheza kwa miaka mingi zaidi. Lakini enzi ya Yamashita haikuwa na mashindano ya dunia kila mwaka, na Olimpiki moja alinyimwa. Binafsi nadhani kuwapambanisha hakutusaidii kumwelewa yeyote kati yao.

Alikuwa anacheza kwa mtindo gani?

Alishika vazi kwa mkono wa kushoto, jambo lililowasumbua wengi waliozoea kukutana na watu wa mkono wa kulia. Akishakushika ukosi, silaha yake ya kwanza ilikuwa ngwala ya nje, ile ambayo Wajapani huiita osoto-gari: anasogea ubavuni mwako, anakuvunja mizani kwa nyuma, kisha anaufyeka mguu wako kwa mguu wake. Ukijihami kwa kurudi nyuma, anakuja na ngwala ya ndani. Ukiikwepa hiyo, anaingiza paja katikati ya miguu yako na kukunyanyua.

Kinachonivutia mimi ni kile kinachofuata. Wachezaji wengi wa uzito wa juu, mwereka ukishindwa kukamilika, walikuwa wanasimama na kuanza upya. Yamashita hakukupa nafasi hiyo. Ukiangukia tumbo au magoti tu, alikuwa tayari yuko juu yako, anakutafutia shingo au anakugeuza mgongo ugusie mkeka. Kilo 128 zikikulalia kifuani kwa ufundi, sekunde 30, muda uliotosha wakati ule kumpa mbanaji ushindi, ni ndefu sana.

Kwa nini hakushiriki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980?

Kwa sababu serikali ya Japani iliungana na Marekani kuisusia michezo hiyo kupinga Umoja wa Kisovieti kuivamia Afghanistan. Yamashita alikuwa na miaka 22, bingwa wa dunia, na kila mtu alimhesabia dhahabu.

Aprili mwaka huo wanamichezo wa Japani walikutana mjini Tokyo kuwasihi viongozi wao wabadili msimamo. Yuji Takada, mpiganaji mieleka aliyekuwa na dhahabu ya Montreal, alilia hadharani mbele ya kamera. Yamashita naye alisimama kusema, akitokwa machozi. Watu waliona mijitu yenye misuli ikilia kama watoto, na picha hizo bado huonyeshwa Japani kila suala la siasa na michezo linapozuka. Tarehe 24 Mei, Kamati ya Olimpiki ya Japani ilipiga kura: 29 walikubali kususia, 13 walikataa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana uchungu huu. Kenya nayo ilisusia Moscow, baada ya kususia Montreal mwaka 1976, na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata siku moja. Tanzania ilisusia Montreal lakini Moscow ikaenda, na ndiko Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walikopata medali zao za fedha. Yamashita alikuwa na bahati moja ambayo Rono hakuwa nayo: mwili wake ulimngojea miaka minne.

Na ule mguu uliovunjika, ilikuwaje?

Siku moja tu baada ya kura ile ya kususia, Yamashita alipanda mkekani mjini Fukuoka kupambana na Sumio Endo, mkongwe aliyekuwa miongoni mwa wachache waliowahi kumshinda. Endo alimrukia kwa mbinu iitwayo kani-basami: unajirusha ubavuni na kumbana mpinzani kwa miguu yako miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, ili aanguke kinyumenyume. Mfupa mwembamba wa muundi wa kushoto wa Yamashita ukavunjika. Pambano likahesabiwa sare.

Mbinu hiyo wakati ule ilikuwa halali. Baadaye ilipigwa marufuku kwenye mashindano, na kisa hiki ni mojawapo ya sababu zinazotajwa sana. Endo alilaumiwa mno, na nadhani lawama ilizidi: alitumia kilichoruhusiwa dhidi ya mtu ambaye wengine walishakata tamaa naye. Kwa Yamashita, ndani ya siku mbili alipoteza Olimpiki na mguu. Aprili iliyofuata alikuwa Budokan tena, akatwaa ubingwa wa Japani kwa mara ya tano.

Siku ya Los Angeles ilikwendaje?

Ilikuwa tarehe 11 Agosti 1984. Yamashita alikuwa na miaka 27 na alijua kwamba hii ndiyo nafasi pekee atakayopata.

Pambano la kwanza lilipita bila shida. La pili lilikuwa dhidi ya Arthur Schnabel wa Ujerumani Magharibi, na katikati yake msuli wa kigimbi cha mguu wa kulia ukachanika. Kumbuka alivyokuwa akicheza: mkono wa kushoto, mguu wa kushoto ndio unaofyeka, kwa hiyo mguu wa kulia ndio unaobeba mwili wote. Msuli uliochanika ulikuwa kwenye mguu wa kusimamia. Alimshinda Schnabel kwa kumkaba shingo kwa ukosi wa vazi lake, huko huko chini, lakini alipotoka mkekani alikuwa anachechemea na ukumbi mzima umeona.

Nusu fainali alikutana na Laurent Del Colombo wa Ufaransa. Ndani ya nusu dakika Mfaransa alimpiga ngwala ya nje, silaha ya Yamashita mwenyewe, na Yamashita akaanguka. Waamuzi walimpa Del Colombo alama ndogo kabisa iliyokuwapo wakati ule. Yamashita kuangushwa lilikuwa jambo ambalo watazamaji hawakuwa wamelizoea; kilichomwokoa ni kwamba hakuangukia mgongo. Akasimama, akajibu kwa ngwala, akamshusha Mfaransa chini na kumbana kwa ubavuni mpaka muda ukaisha.

Fainali ikawa dhidi ya Mohamed Ali Rashwan wa Misri, kijana wa Alexandria, mkubwa wa mwili na mwenye nguvu. Rashwan alijitosa kumwangusha, Yamashita akampisha, Mmisri akapoteza mizani na wote wakashuka. Hapo ndipo kazi ya Sato ilipolipa. Yamashita hakuhitaji tena ule mguu. Alimbana Rashwan kwa mbinu ile ile iliyommaliza Del Colombo, akang'ang'ania, sekunde 30 zikatimia, ippon, yaani ushindi kamili unaomaliza pambano. Pambano zima lilichukua zaidi kidogo ya dakika moja, na karibu nusu yake ni huko kubanwa. Yamashita aliinuka mikono juu, akilia.

Wakati wa kupanda jukwaani, mguu ulikuwa hautaki. Rashwan, mwenye medali yake ya fedha, alimpa mkono akamsaidia kupanda ngazi ya juu.

Je, Rashwan alimwachia?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na Waafrika ndio tunaopaswa kulijibu kwa uangalifu zaidi, maana heshima ya Rashwan imo ndani yake.

Hadithi inayozunguka ni kwamba Rashwan alikataa kabisa kuugusa mguu mbovu. Ni kweli kwamba baada ya pambano alieleza kuwa kushinda kwa kumwinda majeruhi ni kinyume na misingi yake, na ni kweli alipewa tuzo ya kimataifa ya uungwana michezoni kwa ajili ya siku ile. Hata hivyo wapo wataalamu waliotazama upya mkanda wa pambano na kusema kwamba Rashwan alishambulia pande zote, na kwamba hadithi imekuzwa na wasimulizi. Mjadala huo haujaisha Japani mpaka leo.

Maoni yangu ni haya. Ukitazama pambano bila kutanguliza hadithi, humwoni mtu anayejivuta. Unamwona mwanaume aliyekuja kuchukua dhahabu, anaingia kwa nguvu zake zote mapema, na anakutana na fundi bora zaidi wa mapambano ya chini aliyekuwapo duniani. Kusema alimwachia ni kumvunjia heshima mara mbili: unamnyang'anya Yamashita ushindi, na unamgeuza Rashwan kuwa mtu wa huruma badala ya mpiganaji. Uungwana wake uko kwenye kucheza judo yake safi bila kuufanya ule msuli uliochanika kuwa mpango wake wa vita, halafu kumshika mkono aliyemshinda mbele ya dunia nzima. Hayo yanatosha, hayahitaji chumvi.

Rashwan aliishia wapi?

Fedha ile ndiyo medali pekee ambayo Misri ilirudi nayo kutoka Los Angeles. Rashwan aliendelea vizuri: alipata fedha mbili za dunia, Seoul mwaka 1985 na Essen mwaka 1987. Japani anapendwa kama mtu wa nyumbani. Mwaka 2019 serikali ya Japani ilimtunuku Nishani ya Jua Linalochomoza, na yeye na Yamashita wamebaki marafiki kwa miongo yote hii.

Kwa nini dhahabu yake ni ya "uzito wazi"? Daraja hilo liko wapi siku hizi?

Los Angeles palikuwa na daraja la zaidi ya kilo 95 na daraja la wazi ambalo uzito wowote uliruhusiwa. Japani ilimpeleka Hitoshi Saito kwenye lile la kwanza, akachukua dhahabu, na Yamashita kwenye la pili. Daraja la wazi lilikuwa na kidonda kwa Wajapani tangu Tokyo 1964, judo ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza na Mholanzi Anton Geesink akamshinda Akio Kaminaga mbele ya watu wake. Baada ya 1984 daraja hilo liliondolewa, kwa hiyo Yamashita ndiye bingwa wa mwisho wa wazi katika historia ya Olimpiki.

Saito ni nani, na kwa nini anatajwa kila mahali?

Hitoshi Saito alizaliwa enzi isiyo yake. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1983 na bingwa wa Olimpiki mara mbili, 1984 na 1988. Lakini fainali tatu za ubingwa wa Japani, 1983, 1984 na 1985, alikutana na Yamashita na zote tatu akashindwa. Husimuliwa kwamba alisema ameshaupanda Everest lakini Mlima Fuji umemshinda.

Fainali ya 1985 ndiyo iliyokaribia. Yamashita alijaribu kuingia, Saito akamgeuzia kibao, na bingwa akaenda chini. Waamuzi hawakutoa alama. Muda ulipoisha, uamuzi wa bendera, ambazo waamuzi huzinyanyua kumchagua mshindi, ukampa Yamashita ubingwa wa tisa. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba siku ile Saito alistahili, na sitawabishia sana. Saito aliuchukua ubingwa wa Japani mwaka 1988, baada ya Yamashita kuondoka. Alifariki Januari 2015 akiwa na miaka 54, na kifo chake kiliwagusa sana wana judo wa pande zote.

Kwa nini alistaafu akiwa na miaka 28 tu?

Mwili ulichoka. Miaka minane ya kuwindwa na kila mtu si mchezo, na majeraha yalikuwa yamerundikana. Alitangaza kustaafu Juni 1985, wiki chache baada ya ile fainali na Saito. Aliondoka akiwa hajashindwa, jambo ambalo mabingwa wachache hulipata na wachache zaidi huwa na ujasiri wa kulichagua.

Je, alitunukiwa nini na nchi yake?

Oktoba 1984 alipewa Tuzo ya Heshima ya Taifa, ambayo hutolewa na waziri mkuu wa Japani. Aliyekuwa madarakani ni Yasuhiro Nakasone. Mwaka 2013 aliingizwa kwenye orodha ya magwiji wa Shirikisho la Kimataifa la Judo.

Alikuwa kocha mzuri?

Aliiongoza timu ya wanaume ya Japani kuanzia 1992 hadi 2000. Chini yake Tadahiro Nomura alianza safari yake ya dhahabu tatu za Olimpiki, na Kosei Inoue, mwanafunzi wake kutoka Tokai, alishinda Sydney mwaka 2000 kisha akapanda jukwaani akiwa ameshika picha ya marehemu mama yake.

Sydney hiyo hiyo ilimpa siku chungu. Katika fainali ya zaidi ya kilo 100, Shinichi Shinohara alimkwepa David Douillet wa Ufaransa na kumwangusha kwa mgongo. Wajapani walihesabu ippon. Mwamuzi akampa Douillet alama. Yamashita aliingia kupinga kwa nguvu zote na hakusikilizwa. Shinohara mwenyewe alikataa kumlaumu mwamuzi, akasema alishindwa kwa sababu hakuwa na nguvu za kutosha. Miaka iliyofuata judo iliingiza utaratibu wa kurudia video, na kisa cha Shinohara bado kinatajwa kila utaratibu huo unapojadiliwa.

Nasikia ni rafiki wa Putin. Ni kweli?

Walifahamiana kupitia judo. Putin ana mkanda mweusi, alitembelea Kodokan, makao makuu ya judo mjini Tokyo, Septemba 2000, na baadaye yeye na Yamashita walionekana pamoja kwenye video ya kufundisha judo. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, Yamashita, akiwa rais wa Shirikisho la Judo la Japani, alitoa tamko kwamba kitendo hicho kinakwenda kinyume na roho ya judo. Wapo waliotaka aseme zaidi. Kwangu mimi, mtu aliyenyimwa Olimpiki kwa sababu ya jeshi la Moscow kuvuka mpaka mwaka 1979, kulazimika kuandika tamko lile miaka 40 baadaye ni jambo zito.

Uongozi wake ulikuwa hauna doa?

Hapana. Mwaka 2013, baada ya wachezaji 15 wa kike wa timu ya taifa kulalamikia kupigwa na kunyanyaswa na makocha, Yamashita alikabidhiwa kuongoza kazi ya kung'oa ukatili ndani ya judo ya Japani. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo. Alikuwa rais wa shirikisho kuanzia 2017, rais wa Kamati ya Olimpiki ya Japani kuanzia Juni 2019, na mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuanzia Januari 2020.

Lakini muda mfupi baada ya kuchukua urais wa kamati, vikao vya bodi viliamuliwa kufanyika bila waandishi wa habari. Kaori Yamaguchi, bingwa wa dunia wa zamani wa judo na mjumbe wa bodi, alipinga waziwazi. Nakubaliana na Yamaguchi. Mtu aliyewahi kulia mbele ya viongozi waliokuwa wakiamua hatima yake angekuwa wa kwanza kuacha mlango wazi.

Alifanya nini kwa nchi zisizo na uwezo?

Mwaka 2006 alianzisha shirika lisilo la kiserikali lililosambaza judo kama elimu. Lilikusanya mavazi ya judo yaliyotumika kutoka shule za Japani na kuyapeleka nchi nyingi, likapeleka walimu, na likasaidia kujenga kumbi za judo Qingdao na Nanjing nchini China. Nanjing, mji wenye majeraha makubwa ya vita na Japani. Aliyewahi kufundisha judo kwenye klabu ambako watoto watatu wanapokezana vazi moja anajua thamani ya sanduku la mavazi ya mitumba.

Yuko wapi sasa?

Oktoba 2023 alianguka akiwa kwenye chemchemi za maji moto huko Hakone na kuumia vibaya uti wa mgongo, sehemu ya shingo. Alilazwa kwa muda mrefu, na Yuko Mitsuya akakaimu nafasi yake kwenye Kamati ya Olimpiki ya Japani. Juni 2025 Seiko Hashimoto alichaguliwa kuwa rais mpya, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho.

Judo yenyewe inapatikana huku kwetu?

Ipo. Zanzibar imeota mizizi, kwa juhudi za mwalimu Mjapani aliyehamia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuanza kufundisha miaka ya 1990. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zina mashirikisho na klabu zao. Ukimpeleka mtoto, usiangalie kwanza medali ukutani. Angalia kama mwalimu anaanza na namna ya kuanguka: kupiga mkono kwenye mkeka, kidevu kifuani, mgongo wa mviringo. Anayeruka hatua hiyo, ondoka na mwanao.

Nikitaka kumwona Yamashita kwa macho yangu, nianze na pambano gani?

Wengi hukimbilia fainali na Rashwan. Anza na nusu fainali ya Del Colombo. Tazama mguu wa kulia unavyokanyagwa kwa woga kabla hata hawajashikana, tazama anavyoanguka, kisha utulie kwenye zile sekunde baada ya kusimama: haharakishi, anatafuta ukosi kwanza. Ukimaliza hapo, tafuta fainali ya Aprili 1985 na Saito, uitazame yote bila kuruka, na uamue mwenyewe bendera ungeinyanyua upande gani.